Uji wa Kipupwe Huanza Jioni

Mwezi wa Juni unapoingia katika nyanda za Simiyu, mvua zilizoanza kunyesha Novemba zikiwa zimekwisha kuaga, mbingu ya Bariadi hutakata isibaki na wingu, na upepo mkavu wa kusini-mashariki, ule ambao ndugu zetu wa pwani huuita kusi, huvuma juu ya mbuga bila ya kizuizi. Na kwa kuwa hakuna wingu la kulizuia joto linalopanda kutoka ardhini usiku, nchi hupoa kwa haraka, hata mtu anayeamka alfajiri hukutana na baridi ambayo hakuitazamia katika mji usiofika digrii tatu kutoka mstari wa Ikweta. Mji huo umekaa zaidi ya meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua huwaka kwa ada yake, walakini saa kumi na mbili za asubuhi watoto hujikunyata katika mablanketi, wachungaji hujitanda mashuka mabegani, na moshi wa kwanza unaotoka jikoni huwa bishara njema kwa kila aliye macho.

Majira hayo ya kipupwe ndiyo pia majira ya kuchuma pamba. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, ukapewa wilaya tano za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, aghalabu ndio unaoongoza katika nchi yetu kwa zao hilo. Na kazi ya kulichuma ni kazi ya vidole, mgongo na subira, kwani mchumaji huinama mche baada ya mche, akitenga pamba safi na pamba fifi, tangu umande haujakauka mpaka jua la utosi. Mtu wa namna hiyo hawezi kutoka nyumbani na chai ya rangi na andazi moja, akatarajia kwamba nguvu zitamfikisha adhuhuri. Anahitaji staftahi inayokaa tumboni, inayopasha mwili moto, na inayotoa nguvu zake kidogo kidogo kwa muda wa saa nyingi. Staftahi hiyo wazee wa Usukuma waliijua vizuri: ni uji wa nafaka nzima, wa mtama, wa uwele au wa ulezi, uliopikwa ukaiva, ukatiwa maziwa mgando au maji ya ukwaju, ukanywewa ungali moto.

Makala haya yanautetea uji huo. Siutetei kwa sababu ni wa kale, maana si kila cha kale ni chema, bali kwa sababu elimu ya siku hizi imethibitisha sehemu kubwa ya yale ambayo mama zetu waliyatenda bila ya kuyaandika. Na katika kuutetea sina budi kusema tangu mwanzo jambo ambalo naliona kuwa ndilo kiini cha maneno yangu yote: uji wa nafaka nzima haupikwi asubuhi peke yake. Huanza jioni, na wakati mwingine huanza siku tatu kabla. Anayetaka kuurudisha mezani pake hana budi kwanza kuirudisha jioni yake.

Nafaka zilizotutangulia

Mtama, uwele na ulezi ni wenyeji wa Afrika. Wataalamu wa elimu ya mambo ya kale wamekuta mashariki ya Sudan, katika vigae vya vyungu, alama za mtama uliokwisha kulimwa na binadamu zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Uwele ulianza kulimwa katika ukingo wa jangwa la Sahara, upande wa Afrika Magharibi. Na ulezi ni mtoto wa nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, aliyesafiri mpaka Bara Hindi akapata huko jina la ragi na heshima kubwa. Mahindi ni mgeni aliyekuja kutoka Amerika baada ya mwaka 1500, akaletwa na mabaharia wa Kireno, akapokewa kwa ukarimu, na leo amekuwa mwenye nyumba.

Nafaka hizo za kwanza zilipatana na nchi ya Usukuma kwa sababu zilizo dhahiri. Udongo mweusi mzito wa mbuga, ambao mvua ikinyesha hunata na jua likiwaka hupasuka nyufa, mtama huuvumilia. Udongo mwepesi wa kichanga, ambao hauhifadhi maji, uwele huustahimili. Mvua ikikatika katikati ya msimu, mtama husimama kukua, majani yake yenye nta yakijikunja ili yasipoteze maji, kisha mvua ikirudi huendelea pale ulipoachia. Ilhali mahindi yakikosa maji siku yanapotoa mbelewele, mkulima hurudi nyumbani mikono mitupu. Ulezi nao una fadhila yake: punje zake ni ndogo mno hata wadudu waharibifu wa ghala hawapati pa kuingia, kwa hiyo hukaa miaka kadhaa bila ya dawa. Wahenga waliosema kwamba akiba haiozi, kama walitaka ushahidi, wangaliupata katika kihenge cha ulezi.

Basi imekuwaje mahindi yakashinda? Sababu ni nyingi, na si haki kumlaumu mkulima. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulilitia taifa katika uhaba mkubwa wa chakula, na serikali, katika jitihada ya kuokoa roho za watu, ilihimiza kilimo cha mahindi kwa mbegu, kwa mbolea na kwa bei iliyo sawa nchi nzima. Shirika la Taifa la Usagishaji, lililoundwa mwaka 1968, liliupeleka unga wa sembe madukani, mweupe, laini, ulio tayari kupikwa. Na weupe ule ukageuka alama ya maendeleo. Mtama, kwa upande wake, ulikuwa na adui wawili wasiolala: kiduha, gugu linalonyonya mizizi yake kwa siri, na kweleakwelea, ndege wanaoshuka kwa maelfu na kulimaliza shamba kwa muda mfupi. Walinzi wa ndege zamani walikuwa watoto. Watoto walipokwenda shule, jambo ambalo ni la heri na ambalo hakuna mwenye akili atakayelijutia, shamba la mtama likabaki bila ya mlinzi, na mkulima akachagua zao ambalo ganda lake linalificha na ndege.

Hata hivyo elimu ya chakula haikunyamaza katika miaka ile. Mwaka 1975, miaka miwili baada ya kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima nchini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana katika kampeni iliyoitwa Chakula ni Uhai. Jina lile lilikuwa fundisho tosha, na naamini kwamba fundisho hilo bado linatudai.

Hazina iliyo ndani ya punje

Punje ya nafaka ina sehemu tatu. Nje kuna gamba, ambalo likikobolewa huitwa pumba. Ndani kuna wanga mwingi, ambao ndio unga mweupe. Na pembeni mwake kuna kiini kidogo, ambacho ndicho mmea wenyewe ukiwa umelala. Gamba limebeba nyuzinyuzi, madini ya chuma na zinki, na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Kiini kimebeba mafuta na protini bora. Anayekoboa punje, akaosha, akasaga sembe, huitupa hazina hiyo kwa kuku na ng'ombe, kisha hubaki na wanga ambao mwili huumeng'enya upesi, njaa ikarudi kabla ya saa nne. Anayesaga dona huihifadhi. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mchumaji mmoja aanze kulitafuta kivuli mapema, na mwenziwe aendelee na mstari wake.

Ulezi umebarikiwa zaidi katika jambo hili, kwa kuwa udogo wa punje yake haumpi mkoboaji nafasi, na hivyo unga wake huwa mzima hata kwa mtu asiyejua maana ya unga mzima. Gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 340 za kalsi, madini yanayojenga mifupa na meno, ilhali mahindi ya kipimo hicho hicho hayafikii 30. Kwa mama mjamzito, kwa mama anyonyeshaye, na kwa mtoto anayeota meno, hiyo si neema ya kupuuzwa. Uwele una mafuta mengi kuliko nafaka nyingi nyingine na una chuma kwa wingi. Mtama una nyuzinyuzi zinazoshibisha.

Lakini uadilifu wanitaka niseme na upande wa pili. Gamba hilo hilo linalobeba madini limebeba pia asidi iitwayo faitiki, ambayo huyafunga madini mwilini yasipate kufyonzwa; na mtama mwekundu, ule mchungu ambao ndege hauwapendezi, una tanini zinazozuia protini isimeng'enywe vizuri. Tena protini ya mtama ina tabia ya kuwa ngumu zaidi inapochemshwa. Ndiyo kusema kwamba mtu akichukua unga mzima akautia majini na kuupika mara moja, atapata sehemu tu ya faida iliyomo. Hazina ipo, na ufunguo wake ni kazi ya jioni.

Kazi ya jioni

Kazi hiyo ina hatua zinazojulikana, na kila moja ina sababu yake. Kwanza nafaka huchaguliwa na kupepetwa kwa ungo, ili mawe, makapi na punje zilizooza zitoke. Kisha huoshwa kwa maji mawili au matatu mpaka maji yatoke meupe. Baada ya hapo huja hatua ambayo wengi wameiacha, nayo ni kuloweka. Mtama au uwele uliolowekwa usiku kucha katika maji safi hulainika, hupoteza sehemu ya faitiki yake ndani ya maji yanayomwagwa, na asubuhi huiva kwa kuni chache. Katika mkoa ambao miti imepungua, ambao mama huenda mbali kutafuta kuni na mwingine hupikia mabua ya mtama au miti ya pamba iliyong'olewa, chakula kinachojilainisha chenyewe usiku bila ya moto ni rehema.

Kwa mtama mchungu, wenyeji wa Kigezi nchini Uganda, pamoja na jirani zao wa Rwanda na Burundi, waligundua tangu zamani kwamba kuuloweka katika maji ya majivu ya kuni hupunguza uchungu na tanini, kisha huosha punje vizuri kabla ya kuanika. Maarifa hayo hayakutoka katika maabara. Maabara zilikuja baadaye zikayakuta na kuyathibitisha.

Hatua ya pili ya jioni ni kuchachua. Unga mzima huchanganywa na maji ya vuguvugu katika chungu au ndoo yenye kifuniko, ukaongezwa kijiko au viwili vya uji wa jana uliokwisha kuchacha, ukawekwa karibu na mafiga yenye majivu ya moto. Wakati wa joto usiku mmoja hutosha, lakini katika kipupwe chachu hufanya kazi polepole, na huenda ukahitaji siku mbili. Ndani ya chungu hicho viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho huigeuza sukari ya nafaka kuwa asidi iliyo katika maziwa mgando. Asidi hiyo huyafungua madini yaliyofungwa, huisaidia protini ya mtama imeng'enywe, na huwazuia wadudu wa maradhi wasizaliane katika uji. Mwaka 1994 ulitolewa utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania, ambao Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe alikuwa mmoja wa waandishi wake, ukaonyesha kwamba watoto wadogo waliopewa uji uliochachuliwa walipatwa na maradhi ya kuhara mara chache kuliko wale ambao hawakupewa. Mama aliyekuwa akimpa mwanawe uji mkali kidogo, akaambiwa na majirani kwamba umeharibika, alikuwa katika haki.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayoanza siku tatu au nne kabla, ni kutengeneza kimea. Punje za ulezi au mtama hulowekwa kwa siku moja, hutandazwa juu ya gunia lenye unyevu, hufunikwa, na hunyunyiziwa maji mpaka zichipue. Kisha huanikwa juani mpaka zikauke kabisa, husuguliwa kwa viganja ili mizizi na machipukizi yote yatoke, hupepetwa, na husagwa. Jambo la kuondoa machipukizi si la mapambo: chipukizi la mtama lina kitu kinachoweza kuzaa sumu ya sianidi, na anayelitupa hutupa madhara. Ukitia kijiko kimoja cha unga wa kimea katika sufuria ya uji mzito uliotolewa motoni ukapoa kiasi, utaona kwa macho yako uji ule ukilegea kwa dakika chache, ukawa mwepesi wa kunyweka, bila ya kuongezwa tone la maji.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tumbo la mtoto mdogo ni dogo, na uji mwepesi wa kawaida ni maji zaidi kuliko chakula. Akinywa akashiba, hakupata nguvu za kutosha, na ukimpikia mzito hawezi kuumeza. Kimea huondoa shida hiyo, kwa kuwa humwezesha mama kutia unga mwingi katika maji machache na bado akapata uji unaopita kooni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya jambo hilo hilo, wakitumia nafaka zetu zilizochipuzwa, na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikuwa miongoni mwa waliolieneza fundisho hilo. Elimu hiyo ni yetu, imezaliwa katika nchi yetu, kwa nafaka za nchi yetu.

Kazi ya asubuhi

Jioni ikitimiza wajibu wake, asubuhi haina taabu. Kwa uji wa unga, vikombe sita vya maji kwa kikombe kimoja cha unga mzima ni kipimo cha wastani. Kikombe kimoja cha maji hayo kiwekwe kando kikiwa baridi, nacho ndicho cha kukorogea unga mpaka madonge yote yaishe. Vitano vilivyobaki vichemshwe. Maji yakitokota, mchanganyiko humiminwa taratibu huku mwiko ukizunguka bila ya kusimama, kwa sababu wanga unaokutana na maji ya moto ghafula hujifunga nje na kubaki mbichi ndani. Uji ukishaanza kuchemka na kurusha mapovu mazito, moto hupunguzwa, na uachwe uive kwa dakika zisizopungua 15 kwa ulezi, na zaidi ya hapo kwa mtama. Dalili ya kuiva ni harufu: harufu ya unga mbichi ikitoweka, ikaja harufu ya nafaka iliyopikwa, uji umefika. Aliyetumia kimea na autie baada ya hapo, uji ukiwa umepoa kidogo, kisha aurudishe motoni mpaka uchemke tena, ili vijidudu vilivyokuja na kimea vife.

Yupo pia apendaye punje nzima badala ya unga, na katika baridi hicho ni chakula cha kifalme. Mtama uliolowekwa usiku kucha huchemshwa kwa maji mara nne ya kipimo chake, kwa muda wa karibu saa moja, sufuria ikifunikwa na moto ukiwa wa wastani, mpaka punje zipasuke na maji yawe mazito. Njia ya kati ni kuutwanga kidogo katika kinu upate chenga, ambazo huiva upesi zaidi na bado zina kitu cha kutafunwa. Uji wa namna hii haumezwi kwa haraka, na aulaye kwa kutafuna hushiba kabla ya kuvimbiwa.

Ama viungo vya kuutilia, Simiyu haina ufukara. Wasukuma ni wafugaji, na maziwa mgando hukutana na uji wa mtama kwa mapatano yaliyo kamili, kwa kuwa protini ya maziwa hukamilisha ile iliyopungua katika nafaka. Ukwaju, ambao Wasukuma huuita bushishi, huleta uchachu, na unga wa ubuyu huongeza vitamini C, na vitamini hiyo huusaidia mwili kufyonza chuma kilicho katika nafaka. Hapa napo desturi ilitangulia elimu. Karanga zilizokaangwa na kusagwa huongeza mafuta na protini. Asali ya nyuki, kijiko kimoja tu, yatosha utamu. Sukari nyingi inayotiwa siku hizi katika uji huudhulumu ladha ya nafaka, hata mnywaji asijue kama amekunywa ulezi au mahindi.

Mambo ya kuhadhari

Nafaka nzima inahitaji uaminifu kwa upande wa mtunzaji. Gamba likibaki, na ukungu uliolishika gamba hubaki. Sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu katika mahindi na karanga zilizovunwa zikiwa na unyevu, haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 ilisababisha vifo vya watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi nafaka ikaushwe juu ya turubai au chanja, isilale chini. Iwekwe ghalani ikiwa kavu kabisa. Na punje yenye rangi ya kutilia shaka itupwe bila ya huruma.

Unga wa uwele, kwa sababu ya mafuta yake, huanza kunuka na kuchachuka vibaya baada ya siku chache tangu kusagwa; kwa hiyo usagwe kidogo kidogo, wa kutosha juma moja. Kadhalika ipo desturi iliyoenea ya kuchanganya nafaka na mikunde ya kila aina katika gunia moja, soya, ngano, mchele, mahindi, ulezi na karanga, kisha kusaga vyote kwa pamoja na kuviita unga wa lishe. Nia ni njema, lakini vitu hivyo haviivi kwa wakati mmoja, na soya isiyoiva ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe. Nafaka moja iliyotayarishwa sawasawa, pamoja na karanga au maziwa, yatosha. Na kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi sita, chakula chake ni maziwa ya mama yake, wala uji haujapata zamu.

Ushahidi wa walimwengu

Asidhani mtu kwamba habari hii ni ya Usukuma peke yake. Pwani na visiwani, mwezi wa Ramadhani, magharibi haikamiliki bila ya uji wenye pilipili manga. Oman na nchi za Ghuba hupika ngano nzima pamoja na nyama mpaka vikawa kitu kimoja, wakaita harisi, nacho ni ndugu wa bokoboko la Unguja. Waskoti, wanaoishi katika baridi iliyo kali mara nyingi kuliko yetu, walilea vizazi kwa uji wa nafaka yao iitwayo oti, na wapishi wao wazuri huiloweka usiku. Waafrika Mashariki wanaoishi Ulaya na Amerika ya Kaskazini, theluji inapowafungia milango, huenda katika maduka ya Wahindi kununua ulezi kwa jina la ragi, wakapika uji waliokua nao. Na Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la India, uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele na ulezi, mtama ukihesabiwa pamoja nazo. Ulimwengu umezitambua, itakuwa ajabu sisi tuliozirithi tukizionea haya.

Wala si kweli kwamba zimekosa mbegu bora. Watafiti wetu wamekwisha kutoa aina za mtama zinazokomaa mapema: Tegemeo, kisha Pato na Macia, na baadaye Wahi na Hakika zinazostahimili kiduha; na kwa uwele wametoa Okoa na Shibe. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilicho karibu na Mwanza, hakiko mbali na mkulima wa Simiyu. Na uwanja wa Nyakabindi, hapo Bariadi, uliopokea maonyesho ya Nanenane ya kitaifa mwaka 2018 na 2019, hufunguliwa Agosti, kipupwe kikiwa bado hakijatoka. Hapana mahali wala wakati unaofaa zaidi wa kumwonjesha mgeni uji wa mtama wa nchi hii.

Wajibu wetu

Naomba basi mambo matatu. La kwanza nawaomba wazazi na kamati za shule katika wilaya zote tano: mnapokusanya michango ya chakula cha wanafunzi baada ya mavuno, pokeeni debe la mtama na la ulezi kwa heshima ile ile mnayopokelea mahindi, na mahindi yenyewe yasagwe dona. Mtoto anayetembea kilometa kadhaa katika upepo wa Julai, akaingia darasani na tumbo tupu, hasikii hesabu, anasikia njaa. Uji wa saa nne uliotokana na nafaka nzima iliyolowekwa ni sehemu ya masomo yake, na ni nafuu kuliko kurudia darasa.

La pili nawaomba wenye mashine za kusaga: tengeni siku au saa za kusaga ulezi, uwele na kimea, na safisheni mashine kabla, ili mama mwenye kilo mbili asirudishwe kwa kuambiwa kwamba mzigo wake ni mdogo. Nafaka ndogo hufa sokoni pale zinapokosa msagaji.

La tatu nakuomba wewe msomaji, popote ulipo, Bariadi, Dar es Salaam au ng'ambo. Usingoje kampeni wala semina. Leo jioni, kabla ya kulala, pima kikombe kimoja cha mtama, uchague, uuoshe, uuloweke katika maji safi na kuufunika. Kesho asubuhi upike kwa utulivu, utie maziwa, uwape watoto kwanza. Kisha fanya hivyo tena keshokutwa.